Spika Haijapasuka: Kwa Nini Rapu ya Kelele Huwaudhi Wasikilizaji

Nafanya kazi ya kuchanganya sauti hapa Mwanga, Kigoma, na kwa mara nyingine tena nimeletewa lalamiko lilelile: kwamba wimbo wa kijana anayechana juu ya milio ya mashine umeharibikia studio, na kwamba ama spika zangu zimepasuka ama kazi imenishinda. Sina ugomvi na mtu anayeuchukia wimbo huo, kwa kuwa chuki yake ni ya kweli na ina sababu zake mwilini. Ninachokikataa ni imani kwamba kila sauti inayokwaruza ni kosa la fundi, maana imani hiyo inawafanya vijana wenye vipaji wafute kazi zao bora kabla hazijamfikia msikilizaji hata mmoja.

Historia ya rapu hii ya kelele ni fupi. Mwaka 1988 Public Enemy, kundi la rapu la Marekani, walitoa albamu ambayo watayarishaji wake, Bomb Squad, walirundika vipande vya rekodi na milio mikali hadi mpangilio wenyewe ukawa shambulio. Baadaye makundi mengine ya Marekani, Dälek wa Newark, Death Grips wa Sacramento na clipping. wa Los Angeles waliipeleka njia hiyo mbali zaidi, kila mmoja kwa namna yake.

Tuje kwenye sauti yenyewe. Wimbi la sauti likizidishwa kupita uwezo wa kifaa, vilele vyake hukatwa, na wimbi safi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, likikatwa sawasawa juu na chini huzaa sauti mpya za hezi 150, 250, 350 na kuendelea. Watu huuita huo uharibifu, ilhali spika ndogo ya simu karibu haitoi kabisa hezi 50 lakini inaweza kutoa hizo za juu yake, na ubongo ukizipokea huikamilisha wenyewe besi ambayo spika haikuitoa. Mtu wa Ujiji anayesikiliza kwa simu anaipata besi kwa sababu nimevikata vilele vyake. Ningeiacha safi, angebaki na maneno matupu.

Ukali unaoudhi ni jambo jingine, na hapa naomba subira, kwa sababu ndipo watu wanapochanganya mambo. Sauti mbili, moja ya hezi 1,000 na nyingine ya hezi 1,070, zikilia pamoja, ukubwa wake hupanda na kushuka mara 70 kwa sekunde, na kwa sikio la mwanadamu kasi ya kiasi hicho ndiyo inayokwaruza kuliko zote. Kasi hiyo ikiwa ndogo sana tunasikia mawimbi yanayopumua taratibu. Ikiwa kubwa sana tunasikia noti mbili zilizotengana. Mwaka 2015 mtafiti Luc Arnal na wenzake walionyesha kwamba mayowe ya binadamu hubeba mabadiliko ya aina hiyo, kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, ambayo mazungumzo ya kawaida hayana, na kwamba yanaiamsha amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu. Milio ya ving'ora hutumia eneo hilohilo. Kwa hiyo anayeruka kitini wimbo unapoanza hajakosa elimu ya muziki, na wapenzi wa rapu hii wanaomwambia kwamba hana masikio wanamwonea: mwili wake umesikia yowe, na umeitika inavyopasa.

Basi kosa hutofautianaje na kusudi? Kelele ya bahati mbaya hufuata ukubwa wa sauti tu: hutokea kila ngoma inapopigwa kwa nguvu na kila mchanaji anapopaza, bila kujali neno gani linasemwa. Kelele ya kusudi ina mahali pake pa kuingia na pa kunyamaza. Wasikilize clipping., ambamo sauti ya mchanaji wao Daveed Diggs hubaki kavu na kila silabi inasikika, huku milio inayomzunguka ikimwachia nafasi. Halafu wasikilize Death Grips, ambao wanaikwaruza sauti ya mchanaji mwenyewe hadi inakuwa sehemu ya ghasia. Ni maamuzi mawili yanayopingana, na hakuna hata moja lililotokana na uzembe.

Hata hivyo kipimo hicho hakitoshi. Ng'ambo ya ziwa letu, katika nchi ya Kongo, kundi la Konono N°1 wa Kinshasa waliziunganisha likembe zao, ala za vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na vikuza sauti vya kuungaunga, maikrofoni zikitengenezwa kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, ili muziki wao usizamishwe na makelele ya mji. Mkwaruzo ulitokana na vifaa. Wakaukubali, wakaujengea muziki, na dunia ikaupokea kupitia albamu ya mwaka 2004. Huo tuuite kosa au kusudi? Mimi naona swali lenyewe linapoteza maana pale mpigaji anapousikia mkwaruzo na kuamua ubaki.

Nina shaka pia na faraja inayorudiwa mno, kwamba msikilizaji atazoea. Majaribio mashuhuri ya mwanasaikolojia Robert Zajonc ya mwaka 1968 yalionyesha kwamba kukutana na kitu mara nyingi huongeza kukipenda, lakini yalitumia maneno yasiyo na maana, alama za maandishi na picha za nyuso, vitu ambavyo havimshtui mtu. Majaribio ya baadaye yaligundua kwamba kitu kilichochukiwa tangu mwanzo kinaweza kuchukiwa zaidi kikirudiwa. Studio nimeyaona yote mawili, na sithubutu kumwahidi yeyote kwamba mara ya tano itakuwa tamu.

Kuhusu ukubwa wa sauti sina subira hata kidogo. Ukali hautokani na kufungulia hadi mwisho. Kwa kipimo cha kazini cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, desibeli 85 zinavumilika kwa saa 8, na desibeli 100 kwa dakika 15 tu. Wimbo uliotengenezwa vizuri hukwaruza hata ukipigwa kwa sauti ndogo.

Kwa hiyo lalamiko naomba niletewe, lakini liwe na mahali. Anayeniambia kwamba katika beti ya pili mlio ulimeza neno la mwisho la mstari amenipa kazi, nami nitaupunguza mlio huo karibu na hezi 3,000, ambako sikio ni jepesi zaidi na ambako konsonanti nyingi hutambulika, kisha nimpigie tena asikie kama neno limerudi.