Kisima Kikitoa Chumvi, Kuchemsha Hakusaidii

Kaskazi inapokaza na masika bado hayajaingia, malalamiko ya maji ya visima huongezeka hapa Lamu, na msimu huu tumeyapokea kwa wingi kutoka mjini na visiwani. Malalamiko yenyewe ni ya haki. Kinachotutia wasiwasi ni tiba ambazo watu hujipa kabla ya kutufikia. Kuna anayechemsha ili chumvi itoke, anayetia shabu, anayezidisha klorini, na anayesugua birika (tangi la maji la kujengwa) kwa blichi na asidi ya choo kwa pamoja. Hili la mwisho linaua, kwa hivyo naanza nalo.

Blichi ya nyumbani ni myeyusho wa hipokloriti ya sodiamu, na hutengenezwa ikiwa na alikali (kinyume cha asidi) nyingi ili isiharibike chupani. Ukiichanganya na asidi, iwe ya choo, siki au hata maji ya ndimu, pH (kipimo cha asidi na alikali, ambacho hushuka asidi ikizidi) hushuka na klorini hutoka ikiwa gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, takriban mara mbili na nusu, kwa hivyo hutuama chini. Aliyemo ndani ya birika au kisima ndiye anayeivuta. Huunguza macho na koo, kisha mapafu. Akizidiwa mtu humo, msimfuate ndani. Pazeni sauti, mvuteni kwa kamba ikiwa amefungwa, mpelekeni penye upepo, kisha hospitali hata kama anasema amepata nafuu, kwa sababu mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Blichi haichanganywi na kitu chochote isipokuwa maji. Tumeshalisema hili mara nyingi na tutaendelea kulisema.

Sasa chumvi. Chumvi ya jikoni ikiyeyuka haibaki chumvi nzima, bali huachana na kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme: za sodiamu, zenye chaji chanya, na za kloridi, zenye chaji hasi. Sukari nayo huyeyuka, lakini molekuli zake hubaki nzima na hazina chaji. Ndiyo maana maji ya chumvi hupitisha umeme na maji ya sukari hayaupitishi, na ndiyo maana chumvi huitwa elektroliti. Kifaa ambacho maafisa wetu hutumbukiza kwenye ndoo yako hupima jambo hilo tu, yaani umeme unapita kwa wepesi gani. Hakioni vijidudu. Mtu akiambiwa kipimo cha chumvi ni kizuri asidhani ameambiwa maji ni salama kunywa.

Ioni hizo haziruki na mvuke. Maji yakichemka, yanayopanda ni maji peke yake, na chumvi hubaki sufuriani. Chemsha lita mbili mpaka zibaki lita moja, na kila kikombe kitakuwa na chumvi maradufu. Wengi hubisha hapa kwa kutuonyesha ukoko mweupe ulioganda kwenye sufuria, wakisema hiyo ndiyo chumvi iliyotoka. Siyo. Ule ni chokaa. Visiwa vyetu vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji yanayopita humo hubeba kalsiamu na bikaboneti. Moto huzivunja bikaboneti, kaboni dioksidi ikatoka, na kalsiamu kaboneti ikatua chini. Tia tone la ndimu juu ya ukoko huo na utatoa povu. Chumvi ya jikoni haitoi povu kwa ndimu. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa sababu hiyo tunakuhimiza uchemshe, lakini usitegemee zaidi ya hapo.

Shabu nayo ina kazi yake, ambayo ni kukusanya tope ili litue. Haigusi chumvi iliyoyeyuka, na ikizidi hushusha pH.

Chumvi hii inatoka wapi ni swali ambalo tungependa watu waulize zaidi kuliko wanavyouliza. Chini ya vilima vya mchanga vya Shela, vinavyotegemewa na mji wa Lamu, maji ya mvua yameelea juu ya maji ya bahari ardhini. Lita moja ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ina uzito wa takriban kilo 1, na ya bahari kilo 1.025. Kwa tofauti hiyo ndogo, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 chini yake. Hesabu hiyo hufanya kazi kinyume pia: pampu ikishusha maji kwa mita moja, chumvi chini inaweza kupanda kuelekea mita 40. Kuchimba zaidi kisima kilichoanza kuonja chumvi ni kuifuata chumvi huko chini. Kipumzishwe, na uvutaji wa maji upunguzwe.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa maji ya kunywa, KS EAS 12, kinaruhusu miligramu 1,500 za vitu vilivyoyeyuka kwa lita kwa maji ya asili, na 700 kwa maji yaliyotibiwa. Bahari ina takriban 35,000. Ukiwa na mtoto anayehara, jambo hili lina uzito wa pekee. Pakiti ya ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, imepimwa itoe milimoli (kipimo cha kiasi cha kemikali) 75 za sodiamu kwa lita moja ya maji. Maji yenye miligramu 1,500 za chumvi ya jikoni yana milimoli 26 tayari, kwa hivyo mtoto atapewa 101 badala ya 75. Tumia maji ya mvua ya jabia (tangi la kukusanyia maji ya mvua) yaliyochemshwa, au maji ya chupa. Wenye shinikizo la damu nao wafuate hivyo hivyo.

Klorini inategemea pH. Inayoua vijidudu hasa ni asidi ya hipoklorasi. pH ikifika 7.5, karibu nusu yake hugeuka ioni ya hipokloriti, ambayo ni dhaifu sana, na kwenye 8.5 hubaki takriban sehemu moja ya kumi. Jabia au tangi lililopigwa saruji au chokaa mpya huipandisha pH mbali kupita hapo. Lijazwe, liachwe, limwagwe, na lirudiwe mpaka pH ishuke. Kuongeza klorini juu ya klorini si dawa. Dakika 30 baada ya kutia klorini, tunataka ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita.

Kuhusu sampuli, tafadhali someni kwa makini, kwa sababu nyingi tunazirudisha. Kwa kipimo cha kemikali, leta lita moja katika chupa safi ya plastiki, isuuze mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho, jaza mpaka juu, funga. Chupa iliyowahi kutiwa soda au mafuta haifai. Kwa kipimo cha vijidudu, chupa utachukua kwetu. Hiyo haisuuzwi, kwani ndani mna dawa ya kuzima klorini, na huachwa nafasi ya hewa juu. Iwekwe kwenye barafu na itufikie ndani ya saa 6. Andika mtaa, siku, saa, kina cha kisima, na kama kuna pampu.

Anayeteka kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani, bila mitambo, hahitaji kibali. Anayechimba kisima kirefu au kufunga pampu aende kwanza Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Sheria ya Maji ya 2016 inaweka faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili, na kuchafua chanzo cha maji kumo humo. Kumwaga asidi ya betri karibu na kisima ni kuchafua, hata kama kisima ni chako. Hatupendi kumfikisha mtu huko, na aliyekwisha kuchimba bila kibali aje ofisini kabla hatujamfikia, akiwa na kitambulisho na hati ya kiwanja.