Simu yako haikuskizi, na haina haja

Jamani, wiki hii tena. Mara hii ni kwenye grupu la wenye nyumba za wageni, bwana mmoja katuma voisi ndefu anasema aliongea na mkewe kuhusu pampu ya maji, hakuandika popote, hakusachi popote, na jioni ile ile tangazo la pampu likamtokea Facebook, basi "hizi simu zinatuskiza." Chini yake watu wakamiminika kila mtu na kisa chake, mwengine feni, mwengine dawa ya mba, mwengine tiketi ya ndege, mwisho wakakubaliana wote kwamba dawa ni kuiacha simu chumba kingine mkiwa mnaongea mambo ya pesa. Mie kazi yangu ndio hiyo, nalipwa kuweka matangazo mtandaoni ya watu wa Malindi na Watamu, nyumba za wageni, mikahawa, wauza madera, wenye boti. Niko upande wa pili wa hiyo skrini yako. Na leo naomba mnisome mpaka mwisho kwa sababu mmeweka kufuli kwenye mlango usiopita mwizi na ule anaopita mmeuacha wazi.

Nikifungua ukurasa wa kuweka tangazo hakuna mahali pa kuchagua "watu waliotamka neno pampu". Kuna ramani, naweka pini mjini nachora duara. Kuna umri, jinsia, lugha, vitu mtu anavyopenda. Kuna sehemu ya kupakia orodha ya namba na imeli za wateja wa zamani, inageuzwa kuwa msimbo wa siri halafu inalinganishwa na akaunti zilizopo, nikitaka naomba nitafutiwe na watu wengine wanaofanana na hao. Kuna pikseli, kipande kidogo cha programu kinachowekwa kwenye tovuti ya duka ili ukifungua ukurasa wa pampu pale, Facebook ipate habari. Na siku hizi mtambo wenyewe unanisukuma nisichague sana, niweke picha, maneno na pesa tu, utatafuta wenyewe nani wa kumwonyesha. Hapo ndipo penye nguvu yote, na hapo hata mimi sioni ndani. Naona tu kwamba umelionyesha tangazo langu kwa watu kadhaa wa Malindi na kumi wamepiga simu. Kwa nini hao kumi? Siambiwi.

Sasa tuje kwenye hiyo "sikuandika popote".

Kwanza angalia unaongea nini na lini. Mwezi wa pili hapa kwetu, kaskazi limekamata, joto halikushikiki, kila nyumba watu wanaongea feni. Wewe unaona umeongea feni chumbani kwako na mkeo, siri yenu, kumbe mji mzima unaongea feni, na muuza feni Mombasa anajua hilo kuliko wewe, ndio maana kalipa tangazo lionyeshwe Pwani nzima. Likaribie Ramadhani utaongea tende na vyombo, ikaribie Idi utaongea dera na kanzu, shule zikifungua utaongea yunifomu. Maongezi yetu yana msimu, na matangazo yanafuata msimu huo huo.

Pili, na hili ndilo linalonikera zaidi maana hakuna anayetaka kulikubali, mara nyingi tangazo lilitangulia. Ulilipita na kidole asubuhi, hukulisoma, jicho likaliona nusu sekunde, mchana ukajikuta unamwambia mkeo "tungepata ile pampu ya sola." Jioni likarudi, mara hii ukaliona vizuri, ukaruka. Na hata kama halikutangulia, hesabu basi matangazo yote yaliyokupita siku hiyo, mangapi hukuyaongelea kabisa? Hayo huyahesabu, hayakukushtua. Unakumbuka lile moja lililogonga.

Tatu, si lazima uandike wewe. Mkeo kasachi pampu kwa simu yake, mnalala nyumba moja, wifi moja, simu zenu usiku ziko mahali pamoja kila siku, si kazi ngumu kwa mtambo kujua nyie ni wa pamoja. Wewe hukutoa namba yako kwa mtu lakini shemeji yako kaisevu na jina lako kamili, kisha apu ikamwuliza "niruhusu nisome namba zako" akabonyeza sawa bila kusoma. Basi umeshaingia.

Sasa hoja ambayo mimi naiona nzito kuliko zote. Mwezi wa nne 2021 Apple, wenye aifoni, walitoa toleo la iOS 14.5, yaani mfumo unaoendesha aifoni, likalazimisha kila apu imwulize mwenye simu kama anakubali kufuatiliwa kwenye apu na tovuti za kampuni nyingine. Swali moja tu, ndio au hapana. Watu wengi wakasema hapana. Mwezi wa pili 2022 Meta wenyewe, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, wakawaambia wawekezaji kwamba mabadiliko hayo yatawapunguzia mapato ya mwaka huo kiasi cha dola bilioni 10. Bilioni kumi! Sasa nifikirieni taratibu hapa. Swali lile halikugusa maiki hata kidogo, limegusa kufuatilia unachofungua na unachonunua kwingine. Kama siri ya biashara yao ingekuwa kukuskiza jikoni wasingelia hivyo, wangeendelea kuskiza tu. Wamelia kwa sababu pale ndipo walipokuwa wanakula. Hata sisi wadogo wa huku tulilisikia, tangazo lililokuwa linaleta wageni vizuri likawa linakula pesa na simu haiiti, hasa wateja wetu wa Italia wenye aifoni.

Kuhusu bando nitasema haraka. Sauti hata ikibanwa sana, kilobiti 16 kwa sekunde, ni kama megabaiti 7 kwa saa, siku nzima zaidi ya 160. Bando dogo la siku lingeisha upesi na ungejua. Najua atatokea mtu aseme simu inaweza kugeuza sauti kuwa maandishi humo humo ndani na kutuma maneno tu. Inaweza, sikatai, lakini betri ingelia.

Na waliochunguza wapo. 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Northeastern, Marekani, walipima apu za Android zaidi ya 17,000 na hawakukuta hata moja inayofungua maiki kimyakimya na kutuma sauti. Walichokuta ni apu nyengine zinapiga picha skrini yako na kurekodi unavyoitumia, kisha zinapeleka kwa kampuni nyingine. Hiyo habari ya pili mbona haijasambaa kwenye magrupu? Kwa sababu haitishi kama sikio.

Nieleze kisa kimoja, mwenyewe kaniruhusu. Mama mmoja wa Maweni anauza juisi ya ukwaju na maembe, alinijia na simu kaishika kama inaunguza. "Mwanangu, nimeongea friza na dadangu kwa mdomo tu, sasa angalia." Tangazo la friza, bei na picha. Nikamwambia mama kaa hapa tuangalie pamoja. Tukabonyeza vile vidoti vitatu juu ya tangazo, ukurasa wa kwa nini unaona tangazo hili. Umri, Kenya, mambo ya biashara ndogo, basi, hapakuwa na la kushangaza. Tukaingia mipangilio ya akaunti mpaka kwenye orodha ya shughuli zako nje ya Meta, yaani apu na tovuti zilizopeleka habari zako kule. Mama akanyamaza. Duka la mtandaoni, tovuti mbili za habari, apu ya mikopo, apu ya saa za swala. Hilo duka mama hakulijua, akaapa hajawahi kuingia. Nikamwuliza dada yuko wapi, akasema yuko Mombasa, tuliongea kwa simu, halafu akanitumia ile bei. Alimtumia vipi? Akafungua WhatsApp akanionyesha: linki. Ameibonyeza, kaangalia friza tatu, katoka, kasahau.

Hapo watu wengi hupotea. Wanasema lakini WhatsApp wanasema imefungwa, hakuna anayesoma. Ni kweli, tangu 2016 ujumbe wenyewe unafungwa kutoka simu hadi simu. Ila linki ukiibonyeza umeshatoka WhatsApp, umeingia dukani kwa mtu, na dukani kuna pikseli. Ujumbe haukusomwa na mtu, ni wewe uliyetembea mwenyewe ukaingia.

Sasa msidhani nasema haya ili mchukie mitandao, mimi inanilisha na inalisha wengi. Mwezi wa tano na wa sita hapa kunakuwaje? Mvua, kusi, bahari imechafuka, Waitaliano washarudi kwao, mahoteli kadhaa yamefunga na wafanyakazi wako nyumbani. Mwenye nyumba ya vyumba vinne Shella zamani alikuwa hana la kufanya ila kumngoja ajenti, na ajenti anakata chake. Leo naweka tangazo la pesa kidogo kwa watu wa Nairobi wenye watoto, wikendi ya Madaraka, picha ya baraza na samaki wa kupaka, na vyumba vinajaa, mpishi anarudi kazini, muuza samaki anauza. Mashine ile ile. Ile ile inayomjua mama wa juisi ndiyo inayomjua huyo wa Nairobi aliyechoka na baridi. Na ndiyo hiyo hiyo, na hili linaniuma, inayomwona kijana wa boda kasimama sekunde mbili zaidi kwenye vidio ya kubeti, kesho inamletea mbili, keshokutwa tano, halafu apu ya mkopo nyuma yake. Mtambo haujui dera na beti, unajua ulipokawia.

Ndio maana orodha za wageni mimi nauliza kwanza. Mwenye hoteli akiniletea daftari la namba nipakie, namwuliza hawa watu walikubali? Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla ya kutumia habari zake kibiashara. Wengi wananitazama tu. Hapo naikataa, na baadhi wananihama wanaenda kwa asiyeuliza.

Sitadai kwamba najua yote. Zuckerberg, mkuu wa Meta, aliulizwa waziwazi na seneta wa Marekani mwezi wa nne 2018 kama wanatumia maiki kwa matangazo, akajibu hapana, lakini neno la mwenye duka kuhusu mizani yake silichukui kama ushahidi. Kampuni moja ya Marekani, Cox Media Group, iliwahi kujinadi kwa wateja wa matangazo kwamba inaweza kutumia maongezi ya watu karibu na vifaa vyao, habari zikatoka, ukurasa ukaondolewa. Walikuwa wanaweza kweli au walikuwa wanauza maneno? Mimi naelekea kwenye maneno, ila siwezi kuapa. Na Apple walikubali mwanzoni mwa 2025 kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi ya Siri, yule msaidizi wa sauti wa aifoni, kujiwasha na kurekodi watu bila kuitwa, japo walikana kosa. Kwa hiyo maiki si kitu cha kudharau kabisa, apu ya tochi ikikuomba maiki inyime.

Lakini anzeni na namba mlizosevu na mahali mlipo, hizo ruhusa mbili zinatoa mengi. Ingieni kwenye mipangilio ya simu, apu moja moja, ondoeni. Kwenye Android futeni kitambulisho cha matangazo, kwenye aifoni kataeni kufuatiliwa. Ile orodha ya nje ya Meta ifuteni na muikate isiendelee. Matangazo hayatapungua, yatakuwa tu hayakujui vizuri.

Na kama simu yako ni Android 12 kwenda juu, au aifoni ya kuanzia iOS 14, maiki ikifunguka kinawaka kidoti juu ya skrini, kijani kwenye Android, rangi ya chungwa kwenye aifoni. Ukikiona kimewaka na wewe huongei na mtu wala hurekodi, usizime, usifute kitu, niletee hivyo hivyo tuone ni apu gani. Nikiikuta nitaiandika hapa hapa kwa jina lake.