Usawa wa sentrifuji: maana yake

Sentrifuji ni mashine ya maabara inayozungusha tyubu za damu kwa kasi ili seli zitengane na majimaji, na rota ni sehemu yake inayobeba tyubu na kuzunguka. Usawa wa sentrifuji ni hali ya uzito wote uliomo kwenye rota kugawanyika sawasawa kuzunguka mhimili wake. Neno la kushika hapo ni uzito. Si idadi ya tyubu, wala si kimo cha damu kilichomo. Tyubu mbili zenye mililita nne nne za damu hazina usawa ikiwa moja ni ya kioo na nyingine ya plastiki, kwa sababu kioo chenyewe kinaweza kuzidi kwa gramu kadhaa.

Gramu moja huonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Chukua sentrifuji ya mezani, ya aina iliyozoeleka katika maabara za Kisumu, Kakamega au Nakuru, ambayo kutoka katikati ya rota hadi kitako cha tyubu ni sentimita 15, nayo inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Zidisha 15 kwa 3,000, tena kwa 3,000, kisha kwa 0.00001118. Jibu ni karibu 1,500. Yaani kilichoko kwenye kitako cha tyubu kinavuta kuelekea nje kwa nguvu mara 1,500 ya uzito wake. Gramu moja iliyozidi upande mmoja inavuta kama kilo moja na nusu, na mvuto huo unazunguka pamoja na rota mara 50 kila sekunde. Beringi za mota ndizo zinazoubeba.

Kwa hiyo kila tyubu hupangwa ikitazamana na mwenzake wa aina ile ile, mwenye ukubwa ule ule na kifuniko kama chake. Ukiwa na sampuli moja tu, mwenzake ni tyubu ya maji iliyopimwa kwenye mizani. Usikadirie kwa macho: damu ni nzito kuliko maji kwa takriban asilimia 6. Rota ya nafasi sita inakubali tyubu tatu zinazolingana, ukiruka nafasi moja moja. Rota ya nafasi nne haikubali tatu. Na rota ya vikombe vinne vinavyoning'inia lazima ivae vyote vinne, hata kama viwili ni vitupu. Ndani ya kikombe chenyewe pia, tyubu zisirundikwe upande mmoja, la sivyo kikombe hakitainuka kikalala sawa.

Usawa huharibiwa na vitu ambavyo wengi hawavitazami. Cha kwanza ni raba iliyo chini ya kikombe. Raba ikipotea upande mmoja, uzito umebadilika hapo hapo, na tyubu ya kioo inapasuka kwa kukalia chuma. Cha pili ni pini ambazo vikombe huning'inia kwazo. Zikikauka au zikishika damu iliyoganda, kikombe kimoja kinakwama nusu njia huku wenzake wameinuka. Pangusa pini, paka grisi iliyotajwa na mtengenezaji, utando mwembamba tu. Ikizidi hukusanya vumbi. Vikombe navyo visichanganywe na vya mashine nyingine, kwani hulinganishwa uzito kiwandani. Meza ipimwe kwa pima maji ya fundi wa ujenzi.

Klorini inastahili tahadhari ya pekee. Inaua vijidudu vizuri, lakini inakula alumini. Ukiitumia baada ya damu kumwagika, ifute kwa maji safi mara baada ya muda wake wa kuua vijidudu, kisha ukaushe. Kwa usafi wa kila siku sabuni isiyo kali inatosha, na alkoholi ya asilimia 70 baadaye. Tyubu ikipasuka ndani, zima mashine na uiache imefungwa dakika 30 ili matone ya hewani yatulie. Vipande viokotwe kwa koleo, kamwe si kwa vidole.

Mtikisiko hauharibu mashine peke yake. Unaweza kuchanganya tena seli na majimaji yaliyokwisha kutengana. Seli nyekundu zikipasuka, potasiamu husomeka juu kuliko ilivyo mwilini. Daktari anaweza kumtibu mgonjwa kwa tatizo asilokuwa nalo, na hili ndilo linalofanya usawa kuwa jambo la mgonjwa kabla ya kuwa la mashine. Kwenye sentrifuji ya kupimia kiwango cha seli nyekundu, kipimo kinachotegemewa sana kwa watoto wenye malaria au selimundu, kagua raba ya ukingoni: ikiwa na mashimo, mirija midogo huvuja na kipimo hakiaminiki.

Mashine ikianza kutikisika, izime na usifungue kifuniko kabla rota haijasimama kabisa. Ndivyo ilivyo hata stima ikipotea katikati ya kazi. Kisha toa tyubu zote, acha vikombe vyote mahali pake, uiwashe kwa kasi ndogo. Ikitulia, kosa lilikuwa kwenye upangaji. Ikiendelea kutikisika ikiwa tupu, chomoa waya wa umeme na umwite fundi wa vifaa vya tiba akague pini, mhimili, beringi na raba za kushikilia mota.