Seli nyeupe nyingi si dalili ya kinga imara

Ujumbe huu unazunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: seli nyeupe za damu zikiwa nyingi, kinga yako ni imara. Si kweli. Mtu mzima mwenye afya huwa na takribani 4,000 hadi 11,000 katika kila mikrolita (sehemu moja ya milioni ya lita) ya damu. Zikipanda, mara nyingi mwili unapambana na maambukizi, nimonia kwa mfano. Kwenye saratani ya damu zinaweza kupita hata 100,000, na bado mgonjwa akashambuliwa na kila homa, kwa kuwa nyingi ni changa, hazijaiweza kazi. Tumezoea kuziita askari, ndiyo maana tunadhani wingi ni usalama. Tazama karatasi yako ya vipimo: kando ya jibu pameandikwa kiwango cha kawaida. Likiwa nje ya hapo, muone daktari, na ujumbe huo tafadhali usiusambaze.