Je, wajua kwa nini watu wa Sydney huweka matofali juu ya mapipa ya taka?

Siku ya kupita gari la taka, katika vitongoji vingi vya Sydney huko Australia, mapipa hupangwa kando ya barabara kama kawaida. Ila juu ya baadhi yake utakuta tofali. Jingine limechomekwa kijiti au kiatu chakavu kwenye bawaba. Mgeni atadhani ni kinga ya upepo, au pengine ya paka. Kumbe anayeogopwa ni ndege.

Ndege mwenyewe ni kakatua wa kishungi cha njano, wa jamii ya kasuku. Urefu wake hufika nusu mita, ni mweupe pepepe, mdomo wake mweusi umepinda. Kile kishungi hukilaza kisogoni akiwa ametulia, na hukikunjua kama upepo umekiinua anaposhtuka au anapotaka kila mtu ajue yupo. Weupe huo umewafanya wengi wamdhanie mpole. Subiri apige kelele! Sauti yake ni ya kukwaruza, na kundi likiruka alfajiri hakuna wa kuendelea kulala.

Silaha yake ni mdomo. Unakua maisha yake yote, kwa hiyo hana budi kuguguna kitu ili usizidi. Porini huguguna magome na matawi. Mjini hukuta fremu za madirisha na mabaraza ya mbao, naye hachagui. Mguu wake, wenye vidole viwili mbele na viwili nyuma, hushika chakula kama mkono. La ajabu ni kwamba karibu wote hutumia mguu wa kushoto.

Sasa turudi kwenye pipa. Kifuniko chake hakipigwi kufuli, kwa sababu gari likilipindua pipa sharti kifunguke chenyewe. Kakatua ameuona mwanya huo. Hutua ukingoni, hubenua kifuniko kwa mdomo, hukishikilia, kisha hutembea ukingoni kuelekea kwenye bawaba huku akizidi kukiinua, mpaka kipinduke upande wa pili. Halafu karamu huanza: mikate na mabaki ya chakula, na takataka nyingine zote barabarani.

Nani aliwafundisha? Wamefundishana. Watafiti Barbara Klump, Lucy Aplin na John Martin waliwauliza wakazi kama wamewahi kuona jambo hilo mtaani kwao. Kabla ya 2018 lilikuwa limeonekana katika vitongoji vitatu tu. Kufikia mwisho wa 2019 vilikuwa 44. Tena halikuzuka ovyo huku na kule. Lilifika mapema zaidi kwa majirani, kisha likasogea mbali, kama umbea unavyotembea nyumba kwa nyumba. Mitaa iliyo mbalimbali ikawa hata na mitindo yake ya kufungua. Watafiti waliwatia kakatua wapatao 500 alama za rangi ili wawatambue, wakakuta karibu mmoja katika kila kumi ndiye fundi, na wengi wa mafundi hao ni madume wenye ubabe kundini. Waliobaki husubiri kando wafunguliwe.

Sisi tukisema mtoto anakariri kama kasuku, tunamaanisha haelewi anachokisema. Nadhani msemo huo usingedumu Sydney. Upande wa magharibi mwa jiji hilo kakatua wamejifunza hata kufungua bomba la kunywea maji kwenye uwanja wa umma: hushika kishikio kwa mguu na kukilemea kwa uzito wa mwili mpaka kizunguke. Majaribio mengi hushindikana, lakini wenzao hukaa jirani wakingoja zamu.

Sifa zake zimegawanyika. Mkulima aliyefukuliwa mbegu alizopanda jana ana lake la kusema, na mwenye baraza lililotafunwa vilevile. Wengine humpenda kwa vituko vyake, na wapo wanaomfuga. Akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka mingi kiasi cha kurithishwa kwa watoto. Hata lugha imemchukua. Kundi likila chini, mmoja au wawili hubaki mtini wakiangalia hatari, na likitokea jambo hupiga kelele wote waruke. Basi Waaustralia wa zamani walimwita “kakatua” yule aliyesimama nje ya kamari ya haramu kuangalia kama polisi wanakuja.

Kumwua hivihivi hairuhusiwi, kwa kuwa ni ndege wa asili anayelindwa na sheria. Ndiyo maana watu wakakimbilia matofali. Nayo yalifaa kwa muda, hadi baadhi ya kakatua walipogundua kwamba tofali likisukumwa kwa kichwa huanguka. Nyoka wa mpira aliyewekwa kuwatisha naye wakamzoea. Wakazi wakaja na kamba, vijiti na viatu vya kubana bawaba. Watafiti walipowauliza wamepata wapi ujanja huo, wengi walijibu kwamba wameuona kwa jirani.