Uhuru wa habari Ghana: tunavyodhani na hali ilivyo

Watu wengi wanaamini Ghana waandishi wa habari wamemaliza shida zao. Wamepiga hatua, tena kubwa, sibishi, ila kuna mambo yanasemwa mitandaoni yanaudhi kwa sababu kuna watu wameumia.

Eti mwandishi hawezi kukamatwa kwa sababu sheria ya kashfa ilifutwa. Ni kweli ilifutwa 2001, ukimchafua mtu anakudai fidia, hufungwi. Lakini kosa la kusambaza habari za uongo lilibaki kwenye sheria ya jinai ya 1960, ya mawasiliano ya 2008 nayo ikawa na lake, na 2022 watangazaji wa redio walikamatwa kwa hilohilo.

Eti redio zikiwa nyingi basi uhuru upo. Hapa ndo watu wanapopotea kabisa. Zamani ilikuwa redio ya serikali tu, 1994 Radio Eye ikaanza kurusha bila kibali ikafungwa fasta, mwaka uliofuata Joy FM ikaja na leo FM zimejaa kila kona. Sasa uliza za nani? Nyingi ni za wanasiasa au washkaji wao, mishahara kiduchu, ripota akienda kwenye mkutano anapewa soli, yaani bahasha ya hela ileile tunayoijua huku. Na masafa anayatoa NCA, mamlaka ya mawasiliano ya serikali, 2019 wakazifunga Radio Gold na Radio XYZ zilizokuwa karibu na upinzani, wakasema leseni zimeisha.

Eti angalau kule hawauawi. Ahmed Hussein-Suale alikuwa kwenye timu ya Anas Aremeyaw Anas, mwandishi wa habari za uchunguzi, iliyofichua rushwa ya mpira 2018, ile iliyofanya FIFA imfungie Nyantakyi, rais wa chama chao cha soka. Baada ya hapo mbunge mmoja akaonyesha picha ya Ahmed kwenye TV yake mwenyewe, akasema akionekana apigwe na yeye atalipa. Januari 16, 2019 Ahmed akiwa kwenye gari lake Madina, Accra, watu wawili wa pikipiki wakampiga risasi akafa. Mbunge alikana kuhusika na mauaji. Polisi walikamata watu wakawaachia, na miaka ikapita familia inasubiri haki hakuna aliyetiwa hatiani.