Dawa ya matone kwa mbwa: iguse ngozi, isimguse paka

Tunapopita kwenye shehia kuhamasisha chanjo ya kichaa cha mbwa, malalamiko tunayokutana nayo zaidi ni ya kupe. "Nimemtia dawa ya matone, kupe wamo vile vile. Dawa feki." Tukiuliza ilitiwaje, mara nyingi kosa halimo dawani.

Mbwa wengi wa Unguja na Pemba ni wa ulinzi. Hukaa uani au shambani, na mwenyewe hapendi kumgusa kwa sababu ya najisi. Basi husimama mbali akammiminia mgongoni, kama anayemwagilia mchicha. Dawa inaishia kwenye manyoya. Ile yenye fipronili, kemikali ya kuua kupe na viroboto, husambaa kupitia mafuta ya ngozi. Isipofika kwenye ngozi, umemwaga pesa. Vaa glavu, tenganisha manyoya katikati ya mabega, pale ulimi wake usipofika, mpaka ngozi uione, kisha kamua kichupa chote. Masuala ya kujitoharisha na najisi waulizeni masheikh. Langu ni kwamba glavu huvuliwa zikatupwa, na mikono huoshwa.

Kichupa cha mbwa wa kilo 20 hadi 40 si cha kugawia mbwa watatu. Hili tunalisema kila mara. Wala kupe kuonekana kesho yake si ushahidi wa dawa feki, kwani fipronili huweza kuchukua saa 48 kuwaua. Viroboto ndio wasumbufu zaidi: mayai na mabuu yamo kwenye mchanga na gunia analolalia, na wapya wataendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Fua au choma hilo gunia. Usimwogeshe siku mbili kabla ya kumtia dawa na siku mbili baada yake, na pwani usimpeleke kabisa katika siku hizo, maana dawa hizi ni sumu kwa samaki na kamba.

Sasa paka. Zanzibar nyumba isiyo na paka ni chache, na paka hulala popote penye joto, hata ubavuni mwa mbwa. Baadhi ya dawa za mbwa zina permethrini, kemikali nyingine ya kuua wadudu, ambayo mbwa huistahimili lakini ini la paka haliwezi kuivunja. Akitiwa, au akimlamba mbwa aliyetiwa punde, huanza kutetemeka, kutoka mate na kupigwa degedege, na anaweza kufa. Kupunguza kipimo hakusaidii. Watenge mpaka dawa ikauke kabisa, na mkiweza siku nzima. Paka akishapatwa, muosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mumkimbize kwa daktari wa mifugo. Maziwa hayaondoi sumu hii, na sijui nani aliyewaambia yanaondoa.

Na dawa ya kuogeshea ng'ombe? Amitrazi ya asilimia 12.5 imetengenezwa ichanganywe na maji mengi kwa ajili ya ng'ombe. Mbwa aliyepakwa ikiwa haijachanganywa hulegea, hutapika, na mapigo ya moyo hushuka. Wengine husema jirani alifanya hivyo na mbwa wake hakufa; sawa, ila sisi huletewa wale waliozidiwa.

Mwenye shaka na dawa aliyonunua asiitupe. Alete boksi, kichupa, karatasi ya maelekezo na risiti, pamoja na tarehe aliyomtia mbwa na uzito wake. Tunaangalia kama ina usajili wa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, unaosimamia dawa kwa Sheria Nambari 2 ya mwaka 2006, tunaandika namba ya toleo na tarehe ya kumalizika muda, kisha tunawapelekea wao. Muuzaji wa dawa isiyosajiliwa anawajibika kisheria, na mali yake huweza kuzuiwa. Mnunuzi hashitakiwi kwa kuleta taarifa, msiogope. Lakini kichupa kitupu kisicho na lebo hatuna la kukifanyia.